Mchezo Aliouchagua Mama Ndani ya Eda

Shikamoo Baba.

Najua sitaisikia marahaba yako, ile uliyokuwa ukiivuta mpaka mtu ameshavua viatu na kuingia ndani. Nimekuamkia hivyo hivyo. Nikianza kukueleza jambo bila shikamoo nahisi utanirudisha mlangoni nianze upya, kama ulivyokuwa ukitufanya tulipokuwa wadogo.

Nimekaa barazani, kwenye kile kiti chako chenye mkono uliolegea, ambao ulisema utaukaza Ijumaa. Bado umelegea. Mama yuko ndani anakunywa chai, dada yako Shangazi Tatu anafunga mizigo yake arudi Tongoni, na mimi nimeona kabla nyumba haijatulia kwenye mazoea mapya nikujibu swali lako. Maana uliniuliza swali, Baba, na hukungoja jibu.

Ilikuwa masika. Mvua ilikuwa imewafungia ndani wewe na Mama, siku kadhaa hamjafanya matembezi yenu ya alfajiri, nawe ukikaa bila kutembea unakuwa mkali kwa kila mtu. Ukaja bandani kwangu Makorora na mwavuli wako unachuruzika maji. Wewe, uliyekuwa ukiliita banda langu la gemu chuo cha uvivu! Ulisimama mlangoni ukawatazama vijana wanaocheza mpira kwenye TV, ukasonya, ukataka kuondoka. Nikakukabidhi rimoti ya lile gemu la kuvingirisha tufe uangushe vigingi, ambalo mkono wako mwenyewe ndio unaocheza. Ukasema "Bismillahi" kwa sauti ya mtu anayechinja, ukazungusha mkono kwa nguvu zako zote za bandarini, rimoti ikakuchomoka ikapita sikioni mwa mteja. Vigingi vyote vikaanguka. Tangu siku ile vijana wa banda wakakuita Babu Bismillahi. Mpaka leo wakikutaja wanakutaja hivyo.

Hukuondoka tena. Ulicheza mpaka shati likakulowa mgongoni. "Kumbe kitu chenyewe kinatoa jasho," ukasema. Halafu ukaniita pembeni, ukaweka ile sura yako ya kazi. "Riziki, mamako asiukose mwendo wake kwa ajili ya mvua. Nitafutie gemu la mazoezi la kuchezea nyumbani. Usiniletee lenye sifa, niletee linalofaa. Yalinganishe kwanza, kisha uje unambie."

Nilikuwa bado nauliza-uliza kwa wauza mitumba ya vifaa vya umeme ulipotutoka. Ulirudi msikitini adhuhuri, ukakaa hapa barazani uvue viatu, ukavua kimoja. Cha pili alikuvua Mama. Sijui kama ulimhisi.

Wakakubeba jioni ile ile. Sisi wanawake tulibaki ndani tukiisikia tahalili inazidi kwenda mbali, mpaka ikawa huwezi kujua kama unaisikia au unaikumbuka. Na Mama akawa kizuka. Akavaa dera jeupe lisilo na ua hata moja, akaacha wanja, akaacha udi, akaingia chumbani kwenu kukaa eda yake, miezi minne na siku kumi, asitoke nje ila kwa dharura. Shangazi Tatu akaja kutoka Tongoni kumlinda, na unamjua dada yako akipewa ulinzi. Alifunika kioo cha kabati kwa shuka, kwa kuwa kizuka hajitazami. Akaikagua hata sabuni ya kuogea, akaiondoa kwa sababu inanukia. Mimi mwenyewe nikawa naingia chumbani kwa mama yangu kwa hodi na kwa ruhusa.

Kila mtu alikuwa akiifikiria roho ya Mama. Mimi nilikuwa nikiifikiria miguu yake.

Unajua kwa nini. Mama Mdogo wa Mwera alikatwa mguu kwa kisukari hicho hicho alicho nacho Mama, tukaenda kumjulia hali. Kesho yake alfajiri ukamwamsha Mama, ukampa raba ulizomnunulia, mkatoka. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yenu baada ya sala, kwenda Raskazone na kurudi, wewe mbele yeye nyuma. Ukaacha na sukari kwenye chai ili asiache peke yake, ukawa unainywa huku umekunja uso kama mtoto anayenyweshwa mwarobaini. Majirani walikuwa wakicheka, wanasema mzee anamkimbia mkewe. Hawakuona nilichokiona siku niliyowafuata. Hukugeuka hata mara moja, lakini kila alipochelewa ulipunguza mwendo. Ulikuwa ukimsikiliza kwa mgongo. Na Mama alipolalamika kwamba amechoka ulimjibu neno lako lile, bila kugeuza shingo: "Wewe njoo tu, mbele nipo."

Sasa hayo yote yalikwisha kwa siku moja. Edani Mama alikaa, Baba. Alikaa kweli. Kutoka kitandani hadi mkekani, kutoka mkekani hadi kitandani. Wageni wanakuja na halua na mikate ya sinia, naye kwa haya anaonja. Haukupita muda akaanza kusema nyayo zina ganzi, kwamba sakafu anaiona kama pamba. Tulimpeleka kupimwa, maana matibabu ni dharura na hilo hata Shangazi hakulibishia. Daktari alitazama majibu, akavua miwani. Akasema sukari imepanda vibaya, na kama mama huyu hatembei kila siku, asiihesabu hiyo miguu kuwa yake. Nikamweleza habari ya eda. Akasema basi atembee humo humo ndani.

Mama hakulia. Alisema tu tulipokuwa tunarudi, "Wa kutembea naye hayupo. Nitembee niende wapi?" Hapo ndipo swali lako liliponirudia, na safari hii halikuwa la mvua tena.

Nilipoleta mashine ya kwanza, Shangazi Tatu alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Loh! Mwanangu wee, nyumba ina kizuka, arubaini haijafika, wewe waleta magemu? Watu waseme mjane wa kaka yangu acheza?" Nikamwambia ni dawa. "Dawa gani ina muziki?" Akampigia simu shehe wetu, na naapa alikuwa anatarajia katazo. Nilimwona uso ukimshuka kidogo kidogo. Shehe alimwambia eda haikumkataza mwanamke kunyoosha viungo ndani ya nyumba yake, sembuse mgonjwa, ila sauti izimwe, kwa heshima ya msiba. Shangazi akakata simu. "Kasema sauti izimwe," akatangaza, kana kwamba hakuambiwa jambo jingine lolote.

Basi jibu lako ndilo hili. Bandani mimi nayapima magemu kwa uzuri wa picha, kwa wepesi wa kunasa mwendo wa mtu, na kwa raha. Nyumba ya eda ilinipa vipimo vingine kabisa. Linachezeka bila sauti? Linalikubali dera? Halimrushi-rushi mtu mwenye ganzi? Nililokuwa nikilisifia miaka yote kwa wateja nikaliona linavuliwa sifa zake moja moja sebuleni kwetu.

Nilianza na la kamera. Hilo hushiki kitu mkononi, kamera inakutazama mwili mzima, unafanya mazoezi, nalo linakuhesabia. Kina mama wanaokuja kuniuliza habari za kupunguza tumbo ndilo ninalowaelekeza. Kwa Mama likakwama mapema, kwa kuwa halikuiona miguu ndani ya dera. Anainua goti, kwenye TV anaonekana kasimama tu kama nguzo ya umeme. Nikamwambia alipandishe dera kidogo alifunge kiunoni. Akalifunga. Ndipo likamnasa, na likamwonyesha picha yake mwenyewe, mzima, kasimama katikati ya TV.

Sikuwa nimelifikiria hilo, Baba. Kioo cha kabati tulikifunika, halafu mimi nikamwekea kingine kikubwa zaidi. Hakuwa amejiona tangu ulipoondoka. Alimtazama yule mwanamke aliyekonda, wa nguo nyeupe, sebule nzima nyuma yake na kiti chako kitupu kikionekana pembeni. Akainua mkono polepole, ahakikishe kama ni yeye. Yule wa kwenye TV naye akainua. Mama akakaa chini akalia kilio ambacho hakulia hata siku tuliyokuaga. Shangazi hakunigombeza. Alikwenda akachomoa waya ukutani, akaja akakaa naye mkekani, na mimi nikakikunja kile kikamera.

Nilikaa siku nyingi bila kuleta kitu. Kisha ganzi ikampanda mpaka vifundoni, nikaleta la ubao.

Ubao wenyewe ni kama mzani wa kupimia watu. Unausimamia peku, na unavyoegemea ndivyo yule mtu wa kwenye TV anavyoegemea. Kabla ya mchezo linakupima uzito, halafu linakutajia mwili wako una umri gani. Shangazi, aliyekuja kuangalia usalama wake tu, akaupanda wa kwanza. Yule mtu wake kwenye TV akavimba tumbo pale pale, na umri uliotokea nikauziba kwa kiganja. "Kitu hiki hakina adabu," akasema, akashuka na heshima zake zote. Mama akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza, na moyoni nikasema tumefika. Kumbe ubao una ukingo, na unyayo wenye ganzi haujui ukingo uko wapi. Alipoegemea kushoto mguu ulimtoka, Shangazi akamdaka kiunoni kabla hajafika sakafuni. Kwa mwenye miguu mizima ni gemu zuri sana, tena la kimya. Kwa Mama ilikuwa ajali iliyokuwa ikingoja siku yake. Nikautia ubao kwenye kiroba.

La pete ndilo jipya kuliko yote, na kwa kijana ningelipa nafasi ya kwanza. Unashika duara kubwa kama usukani wa gari, unalibana na kulivuta kwa mikono, na mkanda wenye kidude chake unafungwa pajani ili lijue mguu unakwenda. Lakini mkanda ukifungwa juu ya dera unateleza, na paja la Mama limekwisha nyama, haukushika. Maneno yake yote Kiingereza. Na unapokimbia unakutana na joka, unapigana nalo kwa kuchuchumaa na kuinuka. Mama aliuliza joka lile limetukosea nini. Shangazi akauliza linatafuta nini kwenye nyumba ya msiba. Nikalizima.

La ngumi nitakueleza kwa ufupi, kwa sababu bado linanitisha. Unashika rimoti mbili, vitu vinakuja unavipiga. Mama alianza taratibu, kwa aibu. Halafu akaongeza. Akapiga mpaka ushungi ukamwanguka, hatazami tena TV, anapiga hewa tu na midomo inasema kitu. Nilipomkaribia nikasikia ni jina lako. Alama alizopata hakuna kijana wangu wa bandani aliyewahi kuzifikia. "Hili basi," akasema alipoishiwa pumzi. "Hili litaniua." Sikulitoa tena.

Likabaki moja, nalo sikulileta kwa kulichagua. Lilikuwemo ndani ya ile mashine kuukuu ya tufe na vigingi, ile uliyoichezea wewe. Gemu la zamani, picha zimefifia, bandani halijawahi kuombwa na mtu. Kazi yake ni kutembea tu. Unakanyaga papo hapo uliposimama, rimoti ikiwa mfukoni, na kwenye TV njia inapita ufukweni na chini ya miti, na kimtu cha katuni chenye fulana ya bluu kinakutangulia. Basi, hakuna jingine. Kwa vipimo vyangu vya bandani ningelitupa mwisho kabisa.

Tatizo dera halina mfuko. Nilikuwa nawaza nimshonee, Mama akaichukua rimoti mkononi mwangu, akaifunga kwenye pindo la kanga kama anavyofunga hela za sokoni, akalichomeka kiunoni. Akaanza kukanyaga. Likamnasa hatua kwa hatua, bila sauti, bila kuruka, dera likiwa limeshuka mpaka chini kwa sitara zake zote.

Siku ile ya kwanza alikwenda kidogo tu, macho kwa yule wa fulana ya bluu. Alipochoka akapunguza. Na yule naye akapunguza. Hakugeuka, Baba. Alituonyesha mgongo vile vile, ila mwendo umepungua, kama mtu anayesikiliza. Mama alisimama mkono kifuani.

"Huyu anatembea kama babako," akasema.

Nilimtazama Shangazi nikitegemea karipio. Alikuwa ameinamia mchele anaouchambua na hachambui kitu. Mama akauona wasiwasi wangu akaniambia, "Najua si yeye, Riziki, sijarukwa na akili. Ila mgongo ni mgongo." Akaendelea kutembea.

Kesho yake Shangazi akataka kujaribu. Gemu lile lina kanuni moja, ukimpita anayekutangulia unajikwaa unaanguka. Unamjua Shangazi, akampita. Akaanguka. Akasimamishwa, akampita tena, akaanguka tena. Nilidhani atasonya kama wewe. Alisimama katikati ya sebule na rimoti yake kiunoni, akasema, "Ndiye. Wallahi ndiye. Toka utotoni hakubali kupitwa huyu. Kisimani twenda, lazima yeye mbele, ukimpita akutega mguu." Akacheka, akajifuta macho kwa ushungi. Tulilia wote watatu mbele ya TV iliyozimwa sauti, na kilikuwa kilio chepesi kuliko vyote vilivyotangulia.

Toka hapo Mama hakukosa. Akimaliza sala ya alfajiri namwashia mashine, anafunga pindo lake, anakwenda. Tuliwakataza wageni kuleta halua. Mara ya mwisho tulipokwenda kwa daktari sukari ilikuwa imeshuka, ganzi imebaki vidoleni tu, na daktari akataka kujua tumefanya nini. Mama alimwambia, "Natembea na mwanangu." Hakumwambia habari za gemu.

Lakini Baba, kadiri eda ilivyokaribia kwisha nikaanza kuogopa jambo jingine. Niliogopa Mama atatoka edani asitoke ndani ya TV. Nikimtajia barabara anajibu, "Hapa pananitosha." Raba zake zilikuwa chini ya kitanda, vumbi limezikaa. Na gemu ni gemu tu. Sakafu ya sebule haina kilima wala mchanga wala mtu wa kukuamkia, na siku mashine ile kuukuu ikiungua, Mama atakuwa amefiwa mara ya pili.

Mchana mmoja umeme ukakatika akiwa katikati ya njia. TV ikawa nyeusi, yule wa bluu akatoweka. Mimi nilikuwa nafunua chungu jikoni, nikatoka mbio nikijua nitamkuta kakaa chini. Nilimkuta anakanyaga. Anaitazama ile TV nyeusi na anakanyaga, mwendo ule ule. Shangazi alinikonyeza nisiseme kitu. Nikarudi jikoni nikamwacha amalize mwendo wake.

Jana eda ilikwisha. Alioga, akavua nyeupe, akavaa lile dera la zambarau ulilompa sikukuu. Shangazi akaondoa shuka kwenye kioo. Mama akajitazama muda mrefu, hakulia, akaurekebisha ushungi. Majirani wakaja, ubani ukafukizwa, nawe ukasomewa dua. Nilikaa pembeni nikiwaangalia watu wanavyompa mkono wa heri, nikawa najiuliza kesho alfajiri atasimama wapi, mbele ya TV au mbele ya mlango.

Leo nilipoamka TV ilikuwa haijawashwa. Nilimkuta amesimama kizingitini, mlango wazi, nje kunaanza kupambazuka. Amevaa raba. Anainua mguu mmoja, anaurudisha. Anauinua tena. Nikataka kumshika mkono, akaukwepa.

"Tangulia," akasema.

Nikatangulia. Sikugeuka. Sikujua, Baba, kwamba ulikuwa ukifanya kazi nzito namna ile kila siku, kumtangulia mtu unayemhofia na usigeuke. Mwili mzima unataka kugeuka. Nyuma yangu kulikuwa kimya. Nikapunguza mwendo, nikapunguza, karibu nasimama, nikawa nasema moyoni hajatoka, amerudi ndani. Halafu nikasikia raba zinakwaruza mchanga. Pamoja nazo kulikuwa na kitu kingine, kitu kidogo kinachogonga-gonga kama funguo kwenye mfuko. Nilikitambua kabla sijafikiri. Ilikuwa rimoti. Alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga akatoka nayo barabarani, ambako hakuna TV wala mashine ya kumsikia.

Tukaenda hivyo. Mimi, na sauti ya raba, na kule kugonga-gonga kwa rimoti. Muuza vitumbua alimwamkia Mama, Mama akaitikia kwa sauti yake ya zamani. Tulipofika pale lami ilipobomoka, kabla ya kona, nikasikia raba zimesimama.

"Nimechoka," akasema.

Hakuniambia mimi. Nilijua kwa sauti yenyewe. Ilikuwa ni ile lawama ya kila siku, aliyoizoea kuituma kwenye mgongo ulio mbele yake, na kulikuwa na mahali pa jibu lake palipobaki wazi. Tulisimama hivyo wote wawili. Mtoto hamwambii mamake "wewe njoo." Lakini mbele yake nilikuwa mimi, na hakukuwa na mwingine. Nikaitoa sauti, shingo sikuigeuza.

"Wewe njoo tu, mbele nipo."

Nilihesabu pumzi zangu nikaziacha. Halafu raba zikaanza tena.

Tulifika Raskazone, Baba. Tukarudi. Alipoingia ndani alifungua pindo la kanga akaiweka rimoti juu ya TV, bila kuiwasha, akaomba chai. Akainywa bila sukari huku kakunja uso kama wewe.

Basi hilo ndilo jibu langu, limechelewa lakini nimelifanyia kazi uliyonituma. Yenye sifa yapo mengi. Linalofaa ni lile la zamani la yule anayetangulia, na tutaliweka kwa ajili ya masika, kama ulivyotaka wewe mwenyewe. Siku za jua nitakwenda naye mimi. Banda nitalifungua nikisharudi, vijana watangoja. Na mkono wa kiti chako nitaukaza leo, nikimaliza kukuandikia.

Nakuaga sasa, Shangazi ananiita nimbebee kapu lake. Mungu akupanulie ulipo, akuangazie. Umetutangulia kwenye njia ambayo sote tutaipita, nami sikutegemei ugeuke. Usiwe na shaka na Mama. Akichelewa nitapunguza mwendo. Akinyamaza nitasikiliza. Akisema amechoka, nimeshajua la kumjibu.

Pumzika, Baba. Kwa sasa mbele nipo mimi.

Mwanao,
Riziki